Nabuni zana ya mfukoni kwa wenye magari: kipi kiingie, kipi kiachwe?

Mchoro_Mbezi

Habari zenu wakuu. Nabuni zana ndogo ya mfukoni kwa mwenye gari wa kawaida hapa Dar: mwenye IST, Vitz, Noah, Probox au X-Trail, ambaye kwenye buti ana jeki na wili spana basi. Lengo ni kitu kimoja kinachokaa mfukoni au kwenye funguo, kimsaidie gari linapomgomea Mwenge au Mbagala kabla fundi hajafika.

Mchoro wa kwanza una kazi 14: plaizi, kisu, msumeno, nyundo ndogo, tundu la nati za tairi, spana namba 10, 12 na 14, bisibisi ya nyota, bisibisi bapa, tochi, kipimo cha upepo, kivunja kioo na kikata mkanda. Urefu milimita 100, upana 35, unene 18, uzito usivuke gramu 150.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Nahisi kazi 14 ni nyingi, ila sijui nianze kukata wapi. Chuma gani kinapatikana hapa mjini na kinafaa? Na kivunja kioo kwenye kitu chepesi namna hii kitafanya kazi kweli, au ni pambo?

Spana_Kumi

Mkuu, kabla ya kuamua kipi kikae, piga hesabu ya mkono. Zana ya milimita 100 haikupi mkono wa milimita 100. Pima kutoka katikati ya nati hadi katikati ya kiganja: utapata kama 70. Mtu akisukuma kwa nguvu ya kilo 15 bila kuumia anapata kama niutoni mita 10 (hicho ndicho kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Akikaza meno akafika kilo 30 anapata 20, na kiganja kinauma. Basi, hapo ndipo zana yako inaishia, na hakuna chuma kizuri kitakachoiongezea.

Sasa linganisha na gari lenyewe. Nati ya terminali ya betri ina kichwa cha 10 na inakazwa kwa niutoni mita 5 au 6. Bolti za 10 zinazoshika kava, bomba la hewa na taa hazizidi 10 hivi. Hapo uko salama. Bolti yenye kichwa cha 12 kwenye Toyota kawaida inataka 19 hadi 25, kwa hiyo uko ukingoni: utaikaza kiasi, lakini iliyoshika kutu hutaifungua. Nati ya oili, namba 14, ni kama 37. Nati ya tairi ni 103, na hiyo kwa mkono wako wa milimita 70 inadai mtu asukume kilo 150. Kwa hiyo tundu la nati za tairi litoke, na namba 14 itoke. Zikibaki, mtu atajaribu. Spana itateleza, itakula kona za nati, na hata wili spana ya kweli ikija itakuta nati imekuwa duara.

Hata kama nguvu ingetosha, nati zenyewe hazifanani. Toyota na Nissan nyingi ni 21, Honda, Subaru na Suzuki ni 19. Tundu moja lisingewatosha wote.

Namba 12 ningeiacha kwa shingo upande, maana kuna vitu vya 12 vinavyolegea vyenyewe na kuhitaji kukazwa tu. Ila iandikwe wazi kwenye karatasi ya maelekezo kwamba ni ya kukaza, siyo ya kufungua.

Bisibisi ya nyota usiichonge kwenye chuma chako. Toboa tundu la pembe sita la milimita 6.4, liingie biti za robo inchi zinazouzwa kila duka la hadwea Kariakoo. Biti ikiisha mtu ananunua nyingine. Lakini hapa kuna jambo ambalo wabunifu wengi wanalipita: skrubu za gari la Japani zinaonekana kama nyota ya kawaida, ila si ileile. Ni za JIS, yaani viwango vya Japani, msalaba wake una kona kali zaidi chini. Biti ya nyota ya kawaida haifiki chini ya shimo, inapanda juu ukizungusha na kuila skrubu. Utaitambua skrubu ya JIS kwa kitone kidogo pembeni ya msalaba, ingawa si zote zina alama hiyo. Dawa: weka biti ya JIS namba 2 kwenye pakiti, au saga ncha ya biti ya kawaida namba 2 kidogo kidogo, chini ya nusu milimita, hadi ikae mpaka chini bila kucheza. Jaribu kwenye skrubu za taa za nyuma, zile zilizokaa miaka 15 bila kuguswa.

Msumeno na nyundo havina kazi kwenye gari. Kipimo cha upepo cha ukubwa huo hakiaminiki. Mtu anunue cha kwake. Badala yake ongeza vitu viwili ambavyo havikugharimu chochote. Cha kwanza ni vidaraja kwenye ukingo wa bati vya kupimia kina cha mchoro wa tairi, kimoja cha milimita 1.6 na kingine cha 3. Alama ndogo zilizo ndani ya mifereji ya tairi zina kimo hichohicho cha 1.6, kwa hiyo mtu anaweza kuhakikisha kipimo chako kwa tairi lenyewe. Cha pili ni mwanya wa kufungulia ile pini ya ndani ya valvu ya tairi. Pini ikilegea tairi linashusha upepo polepole, watu wanazunguka kwa fundi pancha wakitafuta msumari ambao haupo. Inakazwa kidogo sana, chini ya nusu ya niutoni mita, yaani kwa ncha za vidole. Mwanya uupime kwa pini halisi, usichukue kipimo cha mtandaoni.

Chuma_Moto

Nitagusa chuma tu. Shiti ya stenlesi utakayoonyeshwa kwanza Gerezani itakuwa ya aina ya 304, ile ya masinki na mageti. Haishiki kutu kirahisi na inang'aa, na ndiyo itakayokuangusha. 304 haikomazwi kwa moto. Meno ya spana yatafunguka kama mdomo baada ya nati chache, na makali hayatakaa. Beba sumaku: 304 haishikwi, au inashikwa kidogo sana pale ilipokunjwa. 420, ambayo inakomaa, inashikwa vizuri. Lakini sumaku peke yake haitoshi, kwa sababu 430 nayo inashikwa na haikomai. Kata kipande cha ukubwa wa kidole, kipashe moto hadi rangi ya chungwa iliyokolea, kizamishe kwenye oili, kisha pitisha tupa. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekomaa. Ikila, rudisha shiti dukani.

Tatizo la 420 ni moto wake. Inataka nyuzi joto 1000 hadi 1040 za uhakika, na jiko la mkaa halikupi uhakika huo. Bila tanuri lenye kipimo utapata vipande kumi vyenye ugumu kumi tofauti. Kwa sampuli za mwanzo tumia chuma cha springi. Springi bapa za lori zina kaboni kama asilimia 0.6 pamoja na kromiamu kidogo, na zinakubali moto wa kawaida. Usichukue iliyovunjika, karibu na pale palipovunjika kuna nyufa ambazo jicho halizioni, nazo zitajitokeza ukishazamisha. Pia springi ni nene, milimita 6 hadi 10 au zaidi, kwa hiyo lazima ifuliwe au isagwe hadi 3. Kwa vipande vitano inawezekana. Kwa vipande mia ni kujitesa, tafuta bati jipya la chuma cha springi.

Hatua zenyewe. Pasha chuma hadi kiwe chekundu, kifukie kwenye majivu makavu hadi kesho yake kilainike. Kata, toboa matundu yote, piga tupa kila kitu, ondoa kucha zote za ukingo. Matundu baada ya kukomaza hayatobolewi kwa drili ya kawaida, na hata ukingo uliokatwa kwa leza huwa mgumu, kwa hiyo toboa ndani kidogo ya ukingo huo. Kisha pasha hadi sumaku iache kushika, ongeza moto kidogo, shikilia kama dakika tano, zamisha wima kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60. Wima, nasisitiza. Ukilaza, bati la milimita 3 linapinda kama ganda la muhogo lililoanikwa juani. Usitumie maji, litapasuka. Usitumie oili chafu ya injini, moshi wake ni sumu.

Likitoka hapo ni gumu na linavunjika kama chupa. Lirudishe kwenye joto la chini saa ileile. Na hapa ndipo mchoro wako unapogombana wenyewe: kisu kinataka nyuzi 200, ugumu kama 57 kwa kipimo cha Rockwell C. Mdomo wa spana unataka kama nyuzi 400, ugumu 45 hivi, ili uvumilie kupindwa bila kukatika. Katikati, nyuzi 260 hadi 370, usiguse kabisa; chuma cha aina hii kikirudishwa kwenye joto hilo kinakuwa dhaifu kwa kugongwa. Bati moja haliwezi kuwa kisu na spana kwa pamoja, utakuwa na vitu viwili vibovu. Tengeneza bati la spana, na makali yawe wembe wa kisu cha kukatia maboksi, ule wa pembe nne wenye unene wa milimita 0.6. Unafungwa kwa skrubu moja, ukiisha unabadilishwa.

Kona za ndani za mdomo wa spana zisiwe kali. Weka mviringo wa nusu milimita kila kona. Kona kali ndipo ufa unapoanzia wakati wa kuzamisha, na mviringo huo huo unaipa kona ya nati nafasi ya kupumua isiliwe.

Kutu sasa. Chuma cha springi hakina kinga, na Dar hii ya upepo wa chumvi, hasa Kigamboni na Kunduchi, bati tupu litaota kutu kabla wiki haijaisha. Lisugue, lipake rangi ya kuoka isipokuwa kwenye mdomo wa spana, mdomo upake grisi nyembamba. Siku utakapohamia 420, usiisage kwa diski iliyokwisha kusaga chuma cha kawaida. Chembe za chuma zinabaki juu yake, zinaota kutu, nawe utailaumu stenlesi bure.

Waya_Tabata

Wakuu wote mmeongea vizuri ila hakuna aliyegusa hatari kubwa kuliko zote. Spana ya 10 kazi yake ya kwanza ni terminali ya betri. Zana yote ni chuma, ina urefu wa milimita 100. Mtu anafungua chanya, mkia wa zana unagusa bodi au mkono wa kushikilia betri. Betri ndogo kabisa ya gari inaweza kumwaga mamia ya ampea hapo hapo. Zana inawaka nyekundu mkononi, inaweza kuganda palepale, na gesi inayotoka kwenye betri inaweza kulipuka.

Kwa hiyo mpini lazima ufunikwe pande zote mbili na kingo zote, chuma kinachoonekana kisizidi milimita 15 kwenye mdomo. Kwenye karatasi ya maelekezo mstari wa kwanza uwe: hasi inatangulia kutoka, hasi inarudi mwisho.

Cha kufunikia: usitumie plastiki ya PLA ya mashine za kuchapa vitu. Inalainika kwenye nyuzi 60, na juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hapa mjini joto linaweza kupita hapo. Mpini utajikunja wenyewe. PETG inavumilia hadi karibu 80, ABS karibu 100. Bora kuliko zote ni naironi, ile ya kuchongea bushi, inauzwa na mafundi wa leth, mashine ya kuchongea vyuma. Chonga vipande viwili vya milimita 2.5, funga kwa skrubu za M3 (kipenyo milimita 3) zilizozama, juu ya vichwa ziba kwa epoksi. Vibao vya plastiki vya kukatia mboga viache; gundi haishiki na vinateleza vikilowa oili.

Tochi ondoa, kwa sababu hiyo hiyo ya joto. Betri ndogo za kuchaji hazipendi kulala ndani ya gari lililoegeshwa juani. Simu ina tochi.

Nafasi ya tochi tia taa ya kupimia fyuzi, haina betri ndani, inakula umeme wa gari lenyewe. Ni LED moja nyekundu, rezista ya kilo-omu 1 ya robo wati, ncha ya shaba, na waya wa sentimita 40 wenye kibano. Kwenye volti 12 inapita miliampea 10, kwenye 14.4 inapita kama 12.5. Kibano kwenye chuma cha bodi kisicho na rangi, swichi ya gari iwe ON, ncha gusa vile vitundu viwili vya chuma mgongoni mwa fyuzi. Taa ikiwaka pande zote mbili fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imekatika. Isipowaka upande wowote, sakiti hiyo haina umeme kwa wakati huo au kibano hakijashika. Jaribu kwanza kwenye chanya ya betri. Huna haja ya kuchomoa fyuzi hata moja. Waya za njano za airbag usiguse.

Ya kuchomoa iliyoungua iwe kibano cha naironi, siyo cha chuma. Fyuzi ya kawaida ina upana wa milimita 19 na unene wa 5, ile ndogo ni 11 kwa 3.6. Kibano chenye mdomo wa 10 kinashika zote mbili. Fyuzi za akiba mbili zikae ndani ya mpini, moja nyekundu ya 10 na moja ya bluu ya 15.

Mama_Noah

Nakubaliana na yote ila la tochi naomba lifikiriwe tena. Gari likizima usiku, simu ndiyo unayoongea nayo na fundi, anakuelekeza gusa hapa, angalia pale. Huwezi kuimulika injini kwa simu iliyo sikioni.

Waya_Tabata

Dada, hoja yako ni ya haki. Basi ile LED ya kupimia iongezwe nyeupe moja pembeni yake na swichi ndogo, nayo itumie umeme wa betri ya gari kwa waya huohuo na kibano kingine kwenye chanya. Betri ikiwa imekufa kabisa haitawaka, lakini betri iliyoshindwa kuwasha injini karibu kila mara bado ina nguvu ya kuwasha LED. Waya wa chanya uwe na fyuzi ya nusu ampea ndani yake, ukibanwa na mlango wa boneti usiungue.

Kamba_na_Kioo

Naongelea kuokoa maisha, na hapa naomba usikilize kwa makini, mleta mada.

Kikata mkanda na kivunja kioo visiwe kwenye zana ya mfukoni. Mtu aliyebanwa na mkanda, amening'inia au maji yanaingia, mfuko wa suruali umezibwa na mkanda wenyewe. Zana haitoki. Na ikiwa kwenye funguo, funguo ziko kwenye swichi. Vitenganishe: kipande cha matengenezo mfukoni, kipande cha uokoaji kimefungwa pale mkono wa dereva unapofika akiwa amejifunga mkanda, kando ya kiti au juu ya kivuli cha jua. Siyo kwenye mfuko wa mlango, gari likipinduka vitu vya humo vinaruka.

Kikata: mkanda una upana wa sentimita 5 hivi na unene wa milimita 1.2. Mwanya wa kuingilia uwe milimita 3.5, chini ya 3 mkanda uliokunjamana hauingii, juu ya 5 kidole cha mtoto kinaingia. Wembe ukae mshazari kwa pembe ya nyuzi 35 hadi 45 ili ukate kwa kuvuta, siyo kwa kusukuma. Nunua mikanda ya magari yaliyokatwa, Shauri Moyo utapata, kata mara 20 kwa wembe mmoja mkanda ukiwa umevutwa, kisha mara 20 ukiwa umelegea. Uliolegea ndio mtihani.

Kioo: uzito wa zana yako ni mdogo na ndani ya maji mkono hauna kasi, kwa hiyo ncha ya kugonga tu itakuangusha. Tumia ya springi inayojifyatua ukiisukuma, kama senta panchi ya fundi chuma. Ncha iwe ya kabidi au ya kauri. Igusishwe kona ya chini ya kioo cha mlango, siyo katikati ambako kioo kinayumba.

Kioo cha mbele hakitavunjika, kina karatasi ya plastiki katikati, kitapasuka na kubaki kimesimama. Baadhi ya magari, hasa ya bei kubwa, yana kioo cha namna hiyo hata milangoni. Mwenye gari asome muhuri kwenye kona ya kioo, mara nyingi umeandikwa kama ni tempered (kinachosagika) au laminated (chenye plastiki katikati), achague mapema dirisha lipi litavunjika.

Halafu tinti. Hapa Dar magari mengi yamewekwa tinti, na hiyo karatasi inashika vipande vyote baada ya kioo kusagika. Mtu anafyatua, kioo kinakuwa cheupe, hakidondoki, anadhani zana imekataa. Maelekezo yaseme: baada ya kufyatua sukuma kwa kiwiko au miguu, au kata tinti kandokando kwa kile kikata mkanda. Fanyia majaribio vioo chakavu vya milango, vitano vyenye tinti na vitano bila, miwani machoni na glavu mkononi.

Na kabla ya yote hayo, maji yakianza kuingia, toa mkanda na shusha kioo papo hapo, umeme wa madirisha ukiwa bado unafanya kazi. Liandike hilo juu kabisa.

Kijiwe_Buguruni

Na sisi wa bajaji na bodaboda je?

Spana_Kumi

Ndugu, hicho ni chombo kingine na kinastahili mchoro wake. Kuna kurekebisha kebo ya klachi, kukaza cheni, kofia ya pulagi inayotoka kwa mkono, na nati za ekseli zinazodai mkono mrefu. Vernia na daftari, pikipiki kumi za kijiweni, pima kila nati unayoigusa ndani ya mwezi. Orodha itajiandika. Ukibandika spana za bajaji kwenye zana ya gari utawaharibia wote wawili.

Mchoro_Mbezi

Wakuu nashukuru sana, mmenipunguzia mzigo. Mchoro mpya uko hivi.

Kipande cha mfukoni: bati la chuma cha springi 95 kwa 30 kwa 3, ubavu wa naironi pande zote mbili, unene wote milimita 8. Spana 10 upande mmoja, spana 12 ubavuni, tundu la biti, biti mbili ndani ya mpini, vidaraja vya kupimia tairi, mwanya wa pini ya valvu, wembe wa kubadilisha, kibano cha fyuzi. LED na waya vinakaa kwenye kimfuko chake. Hesabu ya uzito: bati zima lingekuwa gramu 67, baada ya matundu nakadiria 50, naironi na biti vinaufikisha kama 80. Kipande cha uokoaji kinauzwa pamoja lakini kando. Plaizi nimeitoa, inadai pini na mipini miwili na inazidisha gharama kuliko kitu chochote.

Maswali mawili. Mdomo wa 10 niuchore milimita ngapi hasa? Na nianze kufuatilia hataza (patent) sasa au baada ya sampuli?

Chuma_Moto

Kichwa cha bolti ya 10 huwa kati ya 9.78 na 10.00. Mdomo wako uishie 10.05 hadi 10.15. Usimwambie wa leza akate 10.1, kwa sababu mwale wake unakula upana wake na ukingo hauwi wima kabisa. Juu utapata 10.1, chini 10.3. Mwambie akate 9.8, umalizie kwa tupa bapa ukijaribu na kipande cha kupimia ulichochonga 10.05: kiingie kwa kusukuma, kisianguke chenyewe. Nyama ya kila upande wa mdomo isipungue milimita 6. Moto utasogeza kipimo kidogo, kwa hiyo pima tena baada ya kuzamisha, kabla hujapaka rangi.

Kuhusu shiti, ya 1220 kwa 2440 ukiacha nafasi ya milimita 5 kati ya vipande inakupa 24 kwa 34, yaani vipande 816, na shiti ina uzito wa kama kilo 70. Usinunue nzima. Nunua kipande, toa sampuli kumi, vunja tatu kwa makusudi kwenye jiliwa ukiwa umeandika zilivunjikia wapi. Ugumu upimwe kwa mashine, siyo kwa tupa peke yake. Ulizia TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, pale Msasani au karakana za chuo cha DIT. Kwa majaribio ya kuchonga, ulizia pia SIDO, shirika la viwanda vidogo, Vingunguti.

Kamba_na_Kioo

Hataza na alama za biashara za Tanzania Bara ziko BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Hataza inataka kitu kiwe kipya, na kitu ulichokiweka hadharani mwenyewe kinaweza kuhesabiwa si kipya tena. Spana na wembe si vipya kwa vyovyote, hivyo vingine vyote unaweza kuvijadili hapa. Kama kuna namna ya kufunga wembe au ya kufyatua springi uliyoibuni wewe, hiyo usiipandishe picha hadi umeuliza BRELA. Jina na nembo anza navyo mapema.

Waya_Tabata

Moja la mwisho kwenye mchoro mpya. Tundu la kuingizia ringi ya funguo umelichora wapi? Kama liko kwenye bati, nimekataa. Spana iko kwenye chanya, mkia umefunikwa naironi vizuri, halafu ringi ya chuma imepita kwenye tundu la bati na rundo la funguo linaning'inia juu ya bodi. Kinga yote imekwisha hapo.

Bati liishie milimita 12 kabla ya mkia, naironi mbili ziendelee peke yake zikutane, na tundu lipite kwenye naironi tu. Kipenyo milimita 5, nyama ya kuzunguka isipungue 4. Na ringi iwe ya kuchomoka haraka, kwa sababu gramu 80 zikining'inia kwenye swichi ya funguo ya kuzungusha, kama ya IST, kila siku barabarani, zinaila swichi yenyewe.

Mchoro_Mbezi

Lilikuwa kwenye bati. Nalihamisha leo, na bati linafupishwa hadi 83. Mkono wa kiganja haubadiliki kwa sababu naironi inafika 95, ila nitaongeza skrubu ya tatu ya M3 karibu na mkia ili naironi isifunguke ikisukumwa.

Waya_Tabata

Sawa kabisa. Skrubu hiyo ya tatu ishike naironi kwa naironi, isiguse bati, na uichukue ya plastiki.